Jina la Babu Kwenye Kibao cha Barabara

“Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, umri miaka 34, mkazi wa Uru Mashariki. Mwaka 2022, wakati wa operesheni ya anwani za makazi, barabara ya kitongoji chetu iliandikwa harakaharaka kwa jina ambalo hakuna anayelitumia. Sasa tumeruhusiwa kupendekeza jina jingine, na mimi ni katibu wa kamati. Baba mkubwa anataka barabara iitwe kwa jina la babu yetu, aliyekuwa mchili, msaidizi wa mtawala, enzi za mangi, na ambaye alitoa kipande cha kihamba chake, shamba la ukoo, barabara ilipopanuliwa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Ukoo wa jirani wanasema heri barabara ifungwe kuliko kuitwa hivyo, maana babu aliwachukulia wazee wao mbuzi kwa sababu ya kodi. Vijana wanaopeleka watalii kwenye maporomoko ya Materuni wanataka jina la Kiingereza. Wazee wengine wanaiita kwa jina la mfongo, yaani mfereji wa maji, unaopita pembeni yake. Baba mkubwa ndiye aliyenisomesha sekondari. Juzi alinijia na fomu, nikaandika jina la babu kana kwamba kamati imekubali. Mkutano wa kijiji bado haujaitwa. Silali. Nifanye nini?” E.M., Uru Mashariki.

Mwanangu E.M., barua yako nimeisoma taratibu, na neno lililonishika ni lile la karibu na mwisho: silali. Mtu anayekosa usingizi kwa ajili ya fomu moja dhamiri yake ni nzima, na mwenye dhamiri nzima husaidika.

Baba mkubwa simhukumu. Mzee anayeogopa jina la baba yake lisipotee haogopi jambo dogo. Uchaggani tumelelewa tukijua kwamba aliyekufa yupo maadamu yuko wa kumtaja. Ukoo wa jirani nao siwahukumu, kwa sababu mtoto aliyeona mbuzi wa nyumbani wakiswagwa mchana kweupe huzeeka akiwakumbuka kwa rangi zao. Vijana wa Materuni wanatafuta riziki. Hakuna mwovu katika barua yako. Kuna watu wanaopenda mahali pamoja, kila mmoja kwa sababu yake, na kuna kibao kimoja tu.

Uzito wa kibao

Watakuja wa kukuambia kwamba ni bati na rangi tu, liandikwe lolote watu wakalale. Usiwasikilize. Zamani ulipomwelekeza mgeni wa Desemba ulimwambia apande mpaka kwenye mparachichi mkubwa, akate kulia, aulize kwa mzee fulani. Leo anwani ina postikodi ya Kilimanjaro inayoanza na 25, ina jina la barabara na namba ya nyumba, na vyote vimo kwenye mfumo wa serikali. Jina hilo litasomwa na benki mtu anapoomba mkopo. Litaandikwa kwenye tangazo la msiba. Litatamkwa kwenye simu na dereva wa bodaboda asiyewajua, na halitamuuliza mtu ni wa ukoo gani.

Mfikirie mke wa ukoo ule wa jirani. Uchungu umemshika usiku wa manane, mumewe anapiga simu kuomba gari, anaulizwa: mko barabara gani? Ili mtoto wake azaliwe salama, itabidi mume huyo alitaje jina la mtu aliyemchukulia babu yake mbuzi. Atalitaja, maana hana la kufanya. Kesho yake atamfundisha mtoto huyo kulichukia. Huo ndio urithi mtakaokuwa mmeununua kwa jina la babu yenu, na babu yenu hakuwaomba.

Mlima wenu unajua habari hizi

Ukitoka nje asubuhi kabla ya mawingu, inua macho uutazame Kilimanjaro na vilele vyake, Kibo na Mawenzi. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer, Mjerumani, alifika juu kabisa ya Kibo pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria. Kilele kile akakipa jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Hakumuuliza mtu wa Marangu wala wa Uru. Kwenye ramani za Wajerumani jina lilikaa, likaandikwa kwa herufi nzuri. Midomoni mwa watu wa chini halikuingia. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera ya Tanganyika na mwenge pale juu, kilele kikaitwa Uhuru, na jina la Kaiser likaondoka bila mtu wa kulililia.

Shuka kidogo kwenye njia ya Marangu. Kibanda cha kwanza wanacholala wapanda mlima kiliitwa Bismarck, na cha pili kiliitwa Peters, kwa jina la Carl Peters, mtu ambaye hata Wajerumani wenzake walimfukuza kazi kwa ukatili wake hapa kwetu. Leo cha kwanza kinaitwa Mandara na cha pili Horombo. Horombo alikuwa mtawala wa Keni, kule Rombo, mwanzoni mwa karne ya 19. Mandara ndiye Mangi Rindi wa Moshi, ambaye watu wa misafara kutoka pwani walimwita hivyo. Kwa hiyo mtu mmoja ana jina lake la nyumbani kwenye mtaa wa Rindi pale Moshi mjini, na jina lake la misafara kwenye kibanda cha mlimani. Nalipenda jambo hilo. Mtu mkubwa alikumbukwa na wote waliomjua, kila kundi kwa jina lake, na hakuna aliyehitaji kumnyang’anya mwenzake.

Na Kibo je? Na Mawenzi? Ni majina ya Kichagga yaliyolainishwa tu na ndimi za watu wengine, Kipoo na Kimawenzi. Wazee wanakisimulia kisa cha Mawenzi aliyekwenda kuomba moto kwa Kibo mara kwa mara mpaka akapigwa mchi, ndiyo maana kichwa chake kimejaa meno. Majina hayo hayakupitishwa na kikao chochote, na yamewazika wakoloni wote waliopita chini yake.

Sitakuficha upande wa pili, maana baba mkubwa akiwa mtu wa kusoma atakutajia. Kwenye ukingo wa kreta kuna kituo kinachoitwa Gillman, kwa jina la Clement Gillman, mhandisi aliyefika pale mwaka 1921. Kuna kingine kinachoitwa Stella, kwa jina la mke wa mpanda mlima aitwaye Latham, aliyepanda naye mwaka 1925. Kreta ya ndani inaitwa Reusch, kwa jina la Richard Reusch, mchungaji Mlutheri aliyeupanda mlima ule mara nyingi sana. Majina hayo ya watu yamebaki mpaka leo. Kwa hiyo si kweli kwamba jina la mtu halidumu. Lakini tazama yalipowekwa: kwenye jiwe, kwenye ukingo, mahali ambapo mwenye jina alifika kwa miguu yake, na hayakumlazimisha yeyote kuishi ndani yake. Nitakurudisha hapo baadaye.

Mchungaji Reusch na mji wenye majina matatu

Huyo Reusch alisoma theolojia katika mji ambao Wajerumani waliuita Dorpat, Warusi wakauita Yuryev, na wenyewe Waestonia wanauita Tartu. Estonia ni nchi ndogo kaskazini mwa Ulaya, na imeonja majina ya kubandikwa kuliko nchi nyingi. Nakupeleka huko kidogo kwa sababu kuna kisa kinachofanana na chako kuliko unavyodhani.

Kisiwani Saaremaa kuna mji uitwao Kuressaare. Mwaka 1952, chini ya utawala wa Kisovieti, mji huo ulipewa jina la Viktor Kingissepp. Huyu hakuwa mgeni. Alikuwa mkomunisti mzaliwa wa kisiwa hicho hicho, mtoto wa nyumbani. Hata hivyo, wenyeji hawakuombwa ridhaa, na mwaka 1988, upepo ulipogeuka tu, mji ulirudishiwa jina la Kuressaare. Kule Tallinn, mji mkuu, barabara ya Lenin ikaitwa Rävala, jina la zamani la eneo lile. Na muda wote huo, katika mji huo huo wa Tallinn, kulikuwa na mtaa uitwao Pikk, yaani Mrefu, na mwingine uitwao Lai, yaani Mpana. Tawala zimepita, Mrefu ukabaki Mrefu.

Unaona ninachokuonyesha, E.M.? Kingissepp alikuwa mwenyeji kama babu yako alivyo mwenyeji. Uenyeji haukumwokoa. Jina lililopitishwa bila watu hungoja siku ya kuondolewa, hata kama mwenye jina alizaliwa nyumba ya tatu.

Majina yanayoshika hapa kwetu

Panda daladala ya Moshi kwenda Boma Ng’ombe, usikilize konda anavyotaja vituo. Maili Sita: ndio umbali wenyewe kutoka mjini, na tumeacha kupima kwa maili miaka mingi lakini hakuna aliyediriki kupaita Kilomita Kumi. Boma Ng’ombe kila mtu anajua kwa nini paliitwa hivyo. Upande huo huo kuna soko la Kwa Sadala. Jina la mtu, tena jina lisilo na cheo mbele yake, wala Mheshimiwa wala Mangi. Limekua mpaka likawa mji. Upande wa pili, ukishuka kuelekea Himo, kuna Njiapanda. Ukipanda Longuo, watu wanashuka KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, na herufi nne zimekuwa jina la mahali kama vile mtu alizaliwa nazo.

Njoro, Rau, Karanga: majina ya maji. Wanaokaa kule leo wametoka kila pembe ya nchi, na hakuna aliyeona kwamba Rau inampendelea mtu. Maji hayana ukoo.

Sasa nikuonye kuhusu jambo litakalotokea mkutanoni. Kila mtu atakuja na hadithi ya jina lake, na nyingine zitakuwa zimetungwa juzi. Umewahi kusikia kwamba mji wetu uliitwa Moshi kwa sababu ya moshi wa garimoshi? Ni hadithi tamu, watoto wanaipenda. Lakini reli ya kutoka Tanga ilifika mwaka 1911, na mmisionari Charles New alikwishafika Moshi kwa Mangi Rindi mwaka 1871, miaka arobaini kabla ya garimoshi la kwanza kupiga honi. Kilichotokea ni kwamba reli iliishia chini, tambarare, mji mpya ukaota kwenye stesheni na kulichukua jina. Kule juu, palipokuwa Moshi yenyewe, kukabaki na jina la Old Moshi, nusu Kiingereza, na mpaka leo kata zinaitwa Old Moshi Mashariki na Old Moshi Magharibi. Wenye jina wakaambiwa wao ndio wa zamani. Mwalimu kama wewe akiruhusu hadithi ya kutunga iingie kwenye muhtasari wa kijiji, watoto wake wataisoma kama historia.

Njia zilizo mbele yako

Unaweza kuiacha fomu iende ilivyo. Baba mkubwa atafurahi kwa mwezi mmoja. Kisha kibao kitapakwa matope, kitapindwa, siku moja kitakutwa kwenye korongo. Ukoo wa jirani watakwenda kwa mtendaji wa kata kuuliza ni kikao gani kilichokaa, nani alihudhuria, muhtasari uko wapi. Hilo tutalizungumza chini, kwa ukali.

Unaweza kuwafuata vijana na jina la Kiingereza. Nawapenda vijana hao, wanafanya kazi halali, na waambie nimesema hivyo. Lakini waulize: mtalii aliyeruka kutoka Ulaya kuja kuona maporomoko ya Materuni na kutwanga kahawa kwenye kinu, alikuja kutafuta maneno aliyoyaacha kwao? Tena Kiingereza cha barabara huchakaa vibaya. Shanty Town ya Moshi maana yake ni mji wa vibanda. Leo ni nyumba kubwa, bustani na miti ya jakaranda, na jina limebaki bila kusema lolote la kweli kuhusu mahali pale. Wape vijana kazi nyingine: kibao cha maelezo kwenye njia ya watalii, chenye jina la mahali kwa Kichagga na maana yake kwa lugha watakazo. Hapo Kiingereza kitafanya kazi yake, na wao watapata cha kusimulia.

Unaweza kuchukua jina la mfongo. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na nitakueleza kwa nini. Sitaliandika jina lenyewe ili msitambulike, lakini ninajua mifongo ilivyo. Ilikuwapo kabla Wazungu wa kwanza hawajafika katikati ya karne ya 19. Ilichimbwa kwa mikono, ikafuata mteremko kwa macho ya mtu bila chombo cha kupimia, na mgawo wa maji yake ulikuwa na zamu na sheria na faini. Aliyekuwa na cheo na asiyekuwa nacho walinywa zamu zao. Barabara yenu ilipanuliwa kwa msaragambo, watu wakatoka na majembe na sururu siku waliyotangaziwa. Mfongo nao ulisafishwa hivyo hivyo. Kazi ya mikono mingi ikiitwa kwa kazi nyingine ya mikono mingi, nani atadai ameibiwa?

Ila chunguza kwanza. Mifongo mingi ina majina ya watu au koo zilizoianzisha. Kama jina hilo nalo ni la ukoo fulani, jua ni ukoo gani kabla hujalisimamia, usije ukatoka kwenye shimo hili ukaingia la jirani. Kama ni jina la zamani mno kiasi kwamba watu wanasema tu “mfongo wa fulani” na hawajui fulani ni nani, muda umekwisha kulisafisha.

Jina la babu liwekwe wapi

Nilikuahidi kukurudisha kwa Gillman na Stella. Majina yao yako mahali walipofika. Babu yako naye kuna mahali alipofika: pale kwenye kona alipokata kihamba chake. Kipande kile ni chake kwa haki, na kwa mtu wa Uchaggani, ambaye kihamba chake ni kaburi la baba yake na chakula cha mwanawe, kukata hata hatua tatu ni sadaka kubwa. Tena kuna kichochoro, nadhani, kinachotoka barabarani kwenda kwenye nyumba zenu. Vichochoro navyo huingizwa kwenye anwani. Kichochoro ambacho wakazi wake wote ni wajukuu wa mzee yule kinaweza kubeba jina lake kwa amani, na watakaolitaja kila siku ni wale wanaompenda. Pendekeza hilo.

Kama kwa miaka ijayo watu wengine wataanza kusema “tukutane pale kwa Mzee fulani”, basi babu atakuwa amepata kile alichopata Sadala, na hakuna kikao kinachoweza kukigawa wala kukifuta. Jina ni kama mche wa mgomba, hushika pale udongo ulipoukubali.

Jambo jingine dogo, nalisema kwa sababu nimelibeba muda mrefu. Katika barua yako yote wamo wazee wanaume wa koo mbili, na vijana. Waliobeba mawe ya barabara ile vichwani walikuwa nani? Walioteka maji ya mfongo ule alfajiri, kwa zamu, kwa miaka yote hiyo? Wanawake walioolewa hapo wanajua majina ya vijito, mawe na vilima ambayo waume zao wamesahau, kwa kuwa wao ndio waliotumwa huko. Waite kwenye mkutano, na usiwaweke nyuma.

Kuhusu uchili wa babu

Hapa uwe mtu mzima. Mchili aliwekwa kati ya mangi na watu, na wakati wa Waingereza mangi mwenyewe aliwekwa kati ya serikali na watu. Kodi ilitakiwa, na aliyetumwa kuikusanya alikuwa jirani yako anayejua idadi ya mbuzi zako. Mfumo ule ulifutwa baada ya uhuru, mwaka 1963, lakini mbuzi hawakurudishwa. Inawezekana babu yako alikuwa mtu mwema aliyefanya kazi mbaya. Inawezekana pia alikuwa mkali kupita alivyotumwa. Wewe hukuwapo, na baba mkubwa alikuwa mtoto, na mtoto humwona baba yake akiwa nyumbani, hamwoni akiwa mlangoni kwa watu.

Usimtetee kwa jambo usilolijua. Usimtukane pia ili upate amani ya haraka, kwa sababu damu yake ndiyo yako na watu watakudharau. Kama koo hizi mbili zina jeraha, dawa yake haiko kwenye kamati ya anwani. Ni wazee wa pande zote mbili kukaa, pakawepo sale, jani la kuombea radhi, na mbege, pombe ya ndizi, yakasemwa yaliyofichwa. Sale hilo usilibebe peke yako, mwanangu. Wewe ni kijana na huna mamlaka ya kuomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima. Lakini unaweza kuwa mtu wa kwanza kuwaambia wazee wenu kwamba linahitajika.

Tena kuna hofu nyingine chini ya maneno yale ya “heri ifungwe”. Vihamba vimekuwa vyembamba, kila kizazi kinakata. Jirani akiona barabara inaitwa kwa jina la ukoo wenu, anaogopa kwamba siku moja mtasema barabara ni yenu, na pembezoni mwake pia. Jina la barabara halimpi mtu ardhi, lakini hofu haisomi sheria. Hakikisha muhtasari wa mkutano unasema wazi kwamba jina lolote litakalopita, liwe la barabara au la kichochoro, haligusi mpaka wa mtu yeyote. Sentensi hiyo moja itawaokoa na safari nyingi za baraza la ardhi.

Fomu uliyoiandika

Sasa nakusemesha kwa ukali, na unisikilize. Uliandika kwamba kamati imekubali na kamati haikukubali. Huo ni uongo kwenye karatasi ya umma, ulioandikwa na mtumishi wa umma. Kwamba ulisukumwa na mtu aliyekusomesha kunaeleza kwa nini ulifanya, hakuliondoi ulilofanya. Siku ukoo wa jirani watakapouliza, baba mkubwa hataitwa. Utaitwa wewe, katibu, mwalimu, mtu ambaye watoto wa koo zote mbili wanakaa mbele yake darasani. Hutapoteza kiti cha kamati tu. Mzazi atakayejua kwamba uliandika uongo kwa ajili ya ukoo wako ataanza kujiuliza kuhusu alama za mwanawe.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini yako bado yamo ndooni. Mkutano haujaitwa. Kesho, na narudia kesho, mwendee mwenyekiti wa kamati, umwambie fomu ile iliandikwa kabla ya kikao na unaiondoa. Usianze kueleza baba mkubwa alisema nini. Sema “niliandika”, basi. Andika barua fupi ya kuiondoa, mwenyekiti asaini, wewe ubaki na nakala. Kama imekwisha kwenda kwa mtendaji wa kijiji, mfuate huko huko siku hiyo hiyo kabla haijapanda kata. Ikishafika halmashauri na kuingia kwenye mfumo, kuitoa kutahitaji watu wengi, karatasi nyingi na miezi mingi, na kila atakayeishika atajua kisa chake.

Halafu, jioni, nenda kwa baba mkubwa. Nenda wewe, usimtume mtu wala usipige simu. Msalimu inavyopasa, ukae, umwache amalize kahawa yake. Mwambie umeiondoa fomu, na kwa nini. Atakasirika. Atakukumbusha ada ya shule. Usijibu hapo, deni hilo ni la kweli na hulipi kwa ubishi. Akishatulia mpe lile la kichochoro na la kona, na umwombe afanye kazi ambayo yeye peke yake anaiweza: akusimulie siku babu alipokata kihamba, aliyekuwapo, alichosema, mpaka ulipohamia. Andika yote mbele yake. Mzee anayeona maneno yake yanaandikwa hujua kwamba baba yake hatapotea, na hilo ndilo alilokuwa akilitafuta kwenye bati.

Kabla ya mkutano

Tembea barabara nzima, juu mpaka chini, pamoja na wazee watatu wa koo tofauti, na mmoja wao awe mwanamke. Waulize kila mmoja peke yake, sio kwa pamoja, maana wakiwa pamoja wa kwanza kusema huwafunga wenzake. Hapa panaitwaje? Na mfongo? Na kile kilima? Andika walivyotamka, hata kama majibu yanapingana, na ukasome yote mkutanoni bila kuficha la mtu. Watu wapige kura kwa kunyoosha mikono, idadi iandikwe. Jina la babu likitajwa na mtu mwingine na likapita kwa haki, mbele ya wote, basi limepita na hakuna atakayekunyooshea kidole. Naamini halitapita. Lakini ni wao wenye kuamua, wala si mimi wala wewe.

Likipatikana jina, lisimamie mpaka kwenye rangi. Mafundi wa vibao wana tabia ya kuyanyoosha majina ya Kichagga yafanane na Kiswahili wanachokijua, herufi moja inadondoka na mahali panageuka pengine. Mpe fundi jina kwa herufi kubwa, kwenye karatasi iliyosomwa na wazee wawili wanaolitamka kila siku, na kibao kikija kisimame nyumbani kwako usiku mmoja, ukilinganishe na karatasi kabla ya nguzo kuchimbiwa.

Niandikie tena baada ya kuongea na baba mkubwa. Nataka kujua alikujibu nini.